Chama bila mizizi kijijini: mkimbizi wa Masisi anasemewa na nani?

Tarehe 20 Desemba 2023 Wakongomani walipiga kura ya rais, ya wabunge wa taifa na ya wabunge wa majimbo. Wilaya ya Walikale ilipiga kura. Wilaya ya Masisi haikupiga, sawa na Rutshuru, kwa sababu ya vita. Kwa watu wa Ntoto, pale ambapo Masisi na Walikale zinapakana, maana yake inaonekana bila kwenda mbali. Kuna familia mbili zinazouza mihogo katika soko moja, zilizokimbia risasi zilezile na kulala chini ya bashe za aina moja. Familia moja ina wabunge iliyowachagua. Ya pili haina.

Lakini hata ile yenye wabunge haijui mlango wa kubisha. Mbunge yuko Kinshasa. Chama kilichomleta hakina ofisi kijijini, hakina mtu anayepokea malalamiko, wala hakina mkutano unaojulikana tarehe yake. Kilichobaki ni kitenge chenye picha, ambacho sasa kinafunika mtoto usiku, na kofia ambayo rangi yake imeisha kwa jua.

Ndiyo maana swali la namna vyama vya siasa vinavyojengwa si swali la wakubwa wa Kinshasa peke yao. Ni swali la mkimbizi wa ndani. Chama kilichojengwa kutoka juu bila kufika chini hakiwezi kumsemea mtu ambaye ameshapoteza kijiji chake. Na wakimbizi wanao uwezo wa kudai chama cha namna nyingine, hata sasa wakiwa mbali na nyumbani.

Zamani chama kilifika hadi kijijini

Wazee wa eneo hili wanakumbuka chama kimoja kilichofika kila mahali. Mobutu aliunda MPR mwaka 1967, na baadaye kila Mzaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Kiongozi wa serikali katika kila ngazi alikuwa pia kiongozi wa chama katika ngazi hiyo, hata kwa machifu. Mtu hakuulizwa kama anataka. Siku ya Salongo alitoka kufanya kazi, siku ya kucheza akacheza.

MPR ilikuwa na matawi mengi kuliko chama chochote kilichofuata, lakini njia yake ilikuwa ya upande mmoja. Amri zilishuka. Malalamiko hayakupanda. Mwaka 1980 wabunge 13 walijaribu kuyapandisha kwa barua ndefu ya wazi kwa Mobutu. Walifungwa, wengine wakafukuzwa kwenda kukaa mbali na makwao. Kutoka katika kundi hilo ndipo UDPS ilipozaliwa, tarehe 15 Februari 1982, wakati sheria ilikataza chama cha pili.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vikaota kama uyoga baada ya mvua. Tatizo ni kwamba vingi havikuwa na muda wala hamu ya kujenga matawi ya watu wanaofikiri pamoja. Njia ya mkato ilikuwa kabila. Mwanasiasa aliyetaka watu elfu kumi hakuhitaji programu. Alihitaji kuwaambia watu wa kwao kwamba jirani anakuja kuwanyang'anya ardhi na kura.

Ntoto inajua mwisho wa njia hiyo kuliko mahali pengi. Ni katika soko la Ntoto, mwezi Machi 1993, ambapo mauaji yalianza na kusambaa katika Masisi yote. Watu kwa maelfu walikufa, wengine wengi zaidi wakakimbia. Si vyama peke yake vilivyosababisha. Mambo ya ardhi, uraia na mamlaka ya kimila yalikuwa yamechemka miaka mingi. Lakini siasa iliyokosa matawi ya kweli iliegemea kabila, na kabila likaegemea panga. Wajukuu wa watu wa wakati ule ndio wanaokimbia leo.

Katiba inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haina giza katika jambo hili. Kifungu cha 6 kinakubali vyama vingi na kinavipa kazi: kusaidia wananchi kutoa sauti yao katika kura, kuimarisha moyo wa taifa na kufundisha uraia. Kifungu cha 7 kinakataza chama kimoja kurudi. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kundi la silaha, na kinaliita kosa hilo usaliti mkubwa. Sheria ya Machi 2004 kuhusu vyama vya siasa inataka chama kiwe cha taifa zima, kisiwe mali ya familia, ukoo, kabila au jimbo moja.

Mtu akisoma vifungu hivyo kisha akatazama barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale, anaona umbali kati ya karatasi na maisha. Mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ilihesabu karibu vyama 600 vilivyoandikishwa. Je, mkulima wa Ntoto anaweza kutaja vitano ambavyo vimewahi kufanya mkutano karibu naye nje ya miezi ya kampeni? Vingi ni sanduku la kuchukulia nafasi ya uwaziri: mwenyekiti mmoja, muhuri mmoja, simu mbili.

Chama kikubwa nacho kina jeraha lake

Tuchukue UDPS, kwa sababu ndicho chama kilicho madarakani na kina historia ndefu ya mapambano. Kwenye karatasi, muundo wake ni mzuri. Juu kuna kongre, ambayo ndiyo yenye neno la mwisho. Kuna rais wa chama. Kuna baraza linaloitwa Convention démocratique du parti, kwa kifupi CDP, ambalo linatakiwa kuangalia kama viongozi wanafuata kanuni. Kuna katibu mkuu anayeendesha kazi za kila siku. Chini kuna federasio, seksio na selile, hadi mtaani.

Étienne Tshisekedi alipofariki Brussels tarehe 1 Februari 2017, chama kilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila rais aliyechaguliwa. Kongre ya tarehe 31 Machi 2018 ilimchagua mtoto wake, Félix Tshisekedi. Mwezi Januari 2019 akaapishwa kuwa rais wa nchi. Hapo kifungu cha 96 cha katiba kikaingia kazini: rais wa Jamhuri haruhusiwi kubeba wajibu wowote ndani ya chama cha siasa. Ikabidi kiti cha chama kishikwe kwa muda.

Huo "muda" umekuwa mrefu. Jean-Marc Kabund alishika kwanza. Mwaka 2022 alitengana na chama kwa ugomvi, akaanzisha chama chake, kisha akafungwa. Augustin Kabuya, katibu mkuu, akachukua pia kazi ya rais wa muda. Mwezi Agosti 2024 watu wa CDP walitangaza kwamba wamemwondoa na wakamteua Déogratias Bizibu. Kabuya alikataa, akabaki kitini. Kila upande ulisoma kanuni zilezile na kutoka na jibu tofauti.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Limete, hayamhusu mtu wa Masisi. Yanamhusu. Chama ambacho hakijaamua nani ana haki ya kuitisha kongre hakiwezi kuamua nani ana haki ya kuongoza federasio ya Kivu ya Kaskazini. Pale juu pakiwa na ubishi, chini huteuliwa kwa simu. Mtu anaamka akisikia kwamba kiongozi wake wa seksio amebadilishwa, naye hakuulizwa. Chama ambacho wito wake ni "wananchi kwanza" kingetakiwa kuwauliza wananchi kwanza.

Upande wa pili si bora zaidi. PPRD ilianzishwa mwaka 2002 kumzunguka Joseph Kabila, na kwa miaka 17 chama na mtu vilikuwa kitu kimoja. Hata alipoacha urais, aliendelea kuitwa "mamlaka ya kimaadili", cheo ambacho hakuna anayekipigia kura. Mwezi Aprili 2025 serikali ilisimamisha shughuli za PPRD katika nchi nzima kwa sababu ya mambo iliyomshitaki nayo Kabila. Mwanachama wa kijijini, ambaye labda alikuwa mwalimu aliyelipa mchango wake na kuandika majina ya wenzake katika daftari, akajikuta hana chama kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya. Ndivyo inavyokuwa chama kikining'inia kwenye shingo ya mtu mmoja.

Sanduku lenye funguo tatu

Kuna mahali ambapo wakaaji wa Masisi na Walikale wamekwisha kujifunza uongozi mzuri, na si katika siasa. Ni katika AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo akina mama wengi wanavijua.

Katika AVEC kuna mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ambao si wale wanaolitunza sanduku. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Kanuni ziliandikwa na wanachama wenyewe, na hata asiyejua kusoma anazijua kwa kichwa. Anayechelewa analipa faini, hata kama ni mwenyekiti. Mwisho wa mzunguko wanagawana, kisha wanachagua viongozi upya. Mwenyekiti aliyefanya vibaya harudi. Hakuna anayemwita mamlaka ya kimaadili.

Mama aliyekimbia na watoto wanne na kikundi chake kikatawanyika, akifika kwenye makimbilio mapya, mara nyingi anatafuta wenzake na kuanza tena kwa pesa kidogo kidogo. Kikundi kinaendelea kwa sababu hakikuwa cha mtu mmoja. Vyama vya taifa vyenye magari na majengo vinashindwa kufanya kile ambacho mama hawa wanakifanya chini ya mti.

Jirani yetu Tanzania inatoa mfano mwingine, wenye mazuri na mabaya yake. CCM, iliyoundwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP, ilirithi mfumo wa balozi wa nyumba kumi. Kutoka shina inapanda hadi tawi, kata, wilaya, mkoa na taifa, na uchaguzi wa ndani hufanyika ngazi kwa ngazi kila miaka mitano. Kwa muda mrefu balozi alikuwa pia jicho la chama juu ya majirani, na jambo hilo si la kuiga. Lakini chama hicho kimebadilisha mwenyekiti mara kadhaa bila kuvunjika, tangu Nyerere hadi leo. Ngazi za chini zilikuwa hai, na juu palipobadilika nyumba haikuanguka.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza inasikika kila mahali: mwenye njaa hahitaji chama, anahitaji unga na maharagi. Ni kweli kwa leo. Lakini bajeti ya nchi hupigiwa kura bungeni, na ndani yake kuna pesa za barabara, za shule na za kusaidia waliokumbwa na vita. Masisi haikuchagua mbunge mwaka 2023. Kisha, tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, gavana ni mwanajeshi, na bunge la jimbo limezuiwa kufanya kazi. Uchaguzi wa madiwani wa sekta haujawahi kufanyika chini ya katiba ya 2006. Ukihesabu, mtu wa Masisi hana diwani, hana mbunge wa jimbo, hana mbunge wa taifa aliyemchagua. Basi huo unga ataudai kwa mdomo wa nani? Mashirika ya msaada hayachaguliwi na wakimbizi, na yanaweza kuondoka siku pesa ikiisha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kuleta vyama kati ya wakimbizi ni kuleta ugomvi, na Ntoto imekwisha kuona ugomvi. Hofu hiyo ni ya kuheshimu. Lakini siasa iko tayari kati ya wakimbizi. Imekuja kwa mlango wa nyuma, kwa majina ya mutuelle za makabila na kwa vijana wanaoitwa kubeba silaha. Afadhali siasa inayokaa mchana, yenye daftari na mkutano, kuliko ile inayopita usiku.

Hoja ya tatu ni usalama. Mahali ambapo bunduki inatawala, kadi ya chama mfukoni inaweza kumuua mtu kwenye kizuizi. Hapo hakuna ubishi. Hakuna mtu anayepaswa kuombwa kubeba kadi, kuvaa rangi au kuandikisha jina mahali pasipo salama. Chama kinachomtuma mtu kufanya hivyo ili kijisifu kwa idadi kinacheza na damu ya watu. Kazi ya chama inaweza kufanyika pale palipo na utulivu, kwa watu waliokwisha kutoka hatarini, bila orodha kutembezwa barabarani.

Cha kudai

Cha kwanza, chama kinachodai kuwa cha taifa kihesabu wakimbizi kwa wilaya wanakotoka, si kwa kambi waliyomo. Kambi huvunjwa. Mwezi Februari 2025 watu wa Bulengo na makambi mengine ya pembeni ya Goma waliambiwa waondoke, wakatawanyika kila upande. Seksio ya Masisi inatakiwa kubaki seksio ya Masisi, hata kama wanachama wake wako Walikale, Minova au Kisangani.

Cha pili, kanuni za chama ziwepo kwa Kiswahili. Kanuni za karibu vyama vyote zimeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria. Mtu hawezi kumwajibisha kiongozi kwa karatasi asiyoielewa. Redio za jamii zinaweza kusoma kanuni hizo hewani, kifungu baada ya kifungu, bila kupendelea chama chochote.

Cha tatu, viongozi wa federasio na wa seksio wachaguliwe na wanachama, kwa muda unaojulikana. Cheo cha muda kiwe na tarehe ya mwisho. Kiongozi wa muda asiye na tarehe ni kiongozi wa kudumu aliyejificha.

Cha nne, wanawake wawe na viti vya kweli. Kifungu cha 14 cha katiba kinazungumzia usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi. Katika familia nyingi za wakimbizi mwanamke ndiye anayejua nani anaumwa, nani hajala, nani amepotea. Chama kinachomwita siku ya kupiga vigelegele tu kinajinyima habari hiyo yote.

Cha tano, chama kitamke mbele ya watu kwamba hakina kundi la silaha na kwamba hakitampa nafasi mtu yeyote mwenye kundi. Tamko hilo litolewe hapa kwa Kiswahili, si Kinshasa kwa Kifaransa. Anayekwepa kutamka amekwisha kujibu.

Siku amani itakaporudi, uchaguzi wa Masisi utapangwa, na barabara zitajaa tena magari yenye bendera. Watakuja na chumvi, sabuni na nyimbo. Haitakuwa dhambi kupokea sabuni. Nguo ni chafu. Lakini kabla ya kumpa mtu kura, wakaaji wamuulize kama wanavyomuuliza mtu anayetaka kushika ufunguo wa sanduku la AVEC. Nani alikuchagua? Utakaa hadi lini? Ukikosea, nani ana haki ya kukuondoa? Na tukikutafuta mwezi wa saba, wakati hakuna kampeni, tutakukuta wapi?